Ukurasa wa Muuza Njugu

Muuza njugu wa soko la Kyuso hukunja karatasi bila kuitazama, na njugu zishaingia. Lakini tangu akute katika mzigo wa magazeti makuukuu vitabu vya katuni vya mashujaa, kama vile alivyokusanya utotoni, mikono imekuwa mizito. Sisi wateja hutufungia matangazo ya sabuni tu. Juzi alisoma hadi shujaa akateleza ghorofani, akafunua, ukurasa unaofuata hakuna. Aliacha jiko likiwaka akamkimbilia mteja wake wa asubuhi, Mzee Deeq, mnunuzi wa mbuzi, ambaye huenda alimfungia njugu kwa ukurasa huo bila kuutazama. Alimkuta katikati ya mbuzi, njugu kazimwaga mfukoni, karatasi kainyoosha mbele ya miwani.

“Mzee, hiyo ni yangu.”

“Ngoja kwanza,” alisema Deeq bila kuinua macho. “Bado anaanguka.”