Bisibisi Kati ya Meno

Mwambire wa Matsangoni hakuwa mtu mwema, na tusidanganyane kwa sababu tu ya yaliyompata. Miaka ishirini na sita alitengeneza magari katika gereji ya Kambi, pale kando ya barabara kuu ya Kilifi na Malindi, na kwa muda huo wote hakutokea mtu wa kumshinda kwa masikio wala kwa ulimi. Gari likiacha lami tu, hata halijasimama, yeye ameshasema: raba ya kushoto imeisha, au bearingi ya nyuma, au gari lako zima, bwana, kajifunze kuendesha. Wateja walicheka, na kesho wakarudi.

Waliojifunza kazi kwake hawakucheka. Baya alifika gerejini akitokea mashambani Adu, spana ameishika kama jembe, na Mwambire akampokea kwa kumlaza chini ya magari na kumuuliza, "Umesikia?" Akisema hapana, kofi. Akisema ndiyo na hakusikia, makofi mawili. "Masikio umekuja nayo, ama umeyaacha kwenu na mbuzi?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu ya asubuhi. Alimsema mbele ya wateja, mbele ya mama wa viazi karai, mbele ya binti ambaye maskini Baya alikuwa ndiyo kwanza anamtupia jicho. Baya akameza. Akawa fundi mzima, wa kuaminiwa, na hakusahau hata moja.

Halafu masikio ya Mwambire yakaanza kufa.

Damaris, mkewe, ndiye aliyejua mwanzo. "Baba Nelly, nimekuita mara tatu."

"Nimekusikia. Sikutaka kujibu."

Uongo mtupu. Ila gerejini alipata ujanja wa kujifichia. Mteja, unajua, hasemi ugonjwa wa gari lake, anauiga. Atachongoa midomo afanye kwii-kwii, au atagonga ulimi juu afanye kok-kok. Mwambire akawa anasoma midomo. Midomo ikichongoka, ni raba iliyokauka. Ulimi ukigonga, ni chuma kilicholegea. Na palipokuwa pagumu alikuwa na bisibisi yake ndefu ya mpini wa mti. Alilala chini ya gari, akauma mpini kwa meno, ncha akaibana kwenye chuma, na mtu mwingine akazungusha usukani. Sauti ilipanda kwenye meno ikaingia fuvuni, masikio yatake yasitake. Akiupata ugonjwa, aligonga mahali pale mara mbili kwa bisibisi: ko, ko. Maana yake ni hapa, spana zije. Kila aliyepita mikononi mwake alijua kule kugonga mara mbili. Baya alikujua kwa makofi.

Lakini uziwi hufichika kwa siku, si kwa miaka. Baya akaanza kumjaribu. Alisimama nyuma yake akamtukana kwa sauti ya chini, kisha ya juu, kisha akamtukania na wazee wake, na Mwambire yuko pale anakaza nati wala hana habari. Gereji nzima ikaangua kicheko. Ukawa mchezo wa kila siku, kama chai ya saa nne.

Habari zikamfikia Kambi, mwenye gereji, naye hakuzungusha maneno. "Mwambire, kesho Abubakr analeta gari lake. Linalia ekseli ya mbele na hapa hakuna aliyejua ni nini. Ukiupata ugonjwa, wakaa. Usipoupata, beba kisanduku chako." Mwambire aliyasoma maneno yote mdomoni mwa Kambi, neno kwa neno. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kiziwi wa miaka hamsini na saba atakwenda kuomba kazi ya ufundi wapi? Usiku ule hakula.

Abubakr alikuwa mfanyabiashara wa Malindi, mwenye mashamba upande wa Adu, na gari lake lilikuwa lile refu linalovuta kwa magurudumu yote manne, la kupita kwenye mchanga na matope. Mara nyingi lilibeba chumvi kutoka Gongoni. Kwa hiyo chini lilikuwa limepakwa oili chafu, kama sote tunavyopaka huku pwani ili chumvi isile chuma, na oili ile ilikuwa imeshikana na vumbi ikawa ukoko mzito kama wa sufuria ya wali. Nati huzioni, boliti huzioni.

Abubakr alipofika, Baya alimwahi mlangoni, akamnong'oneza. Abubakr hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kicheko kuliko chakula. Akashuka, akasimama mbele ya Mwambire, akachongoa midomo.

Mwambire akashusha pumzi. Roho ikamtulia. "Raba ya springi hiyo," akasema kwa sauti ya zamani, ile ya kujidai. "Imekauka. Kazi ndogo."

"Wallahi sikutoa hata pumzi!" Abubakr akapiga makofi. "Lahaula! Sikutoa sauti mimi!"

Waliocheka walicheka mpaka wakaegemea magari. Mwambire aliona meno yao tu. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa uso ulimuwaka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kambi akatikisa kichwa. "Basi, Mwambire. Kisanduku."

"Ngojeni kwanza," Abubakr akasema, anatoa simu. "Nasikia huyu mzee anauma gari. Mwacheni aume, nipate kumrekodi."

Mwambire akaenda. Aibu gani tena ilikuwa imebaki? Alilala chali chini ya gari, akauma bisibisi, na Baya akakaa kwenye usukani, akawa anauzungusha kushoto, kulia. Springi kwanza: kwii kavu ya raba, ya kuudhi tu, haiui mtu. Akasogeza ncha kwenye mkono wa usukani, pale unaposhikwa na boliti nne kwenye gurudumu. Kak. Kisha msago mbaya, chuma kinakula chuma. Meno yote yakamtetema. Chini ya ule ukoko boliti mbili zilikuwa zimekatika zamani, na mbili zilizobaki zilikuwa zinaelekea kukatika. Tuta moja la nguvu, basi, usukani utabaki mikononi mwa dereva na gurudumu litakwenda linakotaka.

Mkono wake ukagonga wenyewe: ko, ko.

Ee, furaha iliyomjaa moyoni! Meno yalikuwa yamemwokoa. Akajivuta kwa mgongo kutoka chini ya gari, neno tayari liko mdomoni, neno ambalo lingemrudishia kazi yake na jina lake papo hapo. Akatoa kichwa. Baya alikuwa ameruka chini na kupiga magoti mchangani, spana kati ya meno, anabweka. Abubakr anarekodi. Kambi, ambaye Mwambire alimjengea gereji ile tangu ikiwa mabati manne, anafuta machozi ya kicheko.

"Haya, mzee," Abubakr akasema polepole, kama anayesema na mtoto. "Umesikia nini?"

Mwambire akapangusa meno kwa mkono. Aliwachukia wote, chuki safi isiyo na chembe ya kitu kingine.

"Sikusikia kitu," akasema. "Mimi ni kiziwi. Si mnajua?"

Wakacheka tena. Akaenda kwenye kisanduku chake, akapiga magoti kupanga spana. Kwa hesabu yake, aliyekuwa aondoke na gari lile ni Abubakr, na ule mdomo wake uliochongoka. Lakini Baya akanyunyizia springi oili, akazungusha usukani, na ile kwii ikanyamaza. Akamwinulia Abubakr vidole vitano: dakika tano, nalijaribu mpaka tuta la sokoni nirudi. Akafungua mlango wa dereva.

Mwambire alimwona. Alimwona akivuta mkanda, mkanda ukakwama, akauacha. Alikuwa na muda. Na asiseme mtu hakuwa na muda, alikuwa na muda wa kusimama, wa kuinua mkono, wa kusema neno moja la "Shuka." Akachukua spana namba kumi na tatu, akailaza karibu na namba kumi na mbili. Gari likatoka.

Kishindo hakukisikia. Aliona watu wakikimbia wote upande mmoja, na mama wa viazi karai ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Gari lilikuwa limeruka tuta, likakata kushoto lenyewe, likaingia kwenye ukuta wa mawe. Baya walimtoa kwa mtaimbo. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti siku ile ile.

Sasa sikiliza maneno ya watu. "Laiti masikio ya Mwambire yangekuwa mazima," walisema Matsangoni nzima, "mzee yule angeupata ugonjwa ule." Hakuna aliyemlaumu. Utamlaumuje kiziwi? Abubakr alifuta ile video kwa aibu. Kambi mwenyewe akaenda nyumbani kwa Mwambire, kofia mkononi, akaomba radhi, akasema gereji haina fundi na mahali pake papo. Damaris akalia kwa furaha. Jumatatu Mwambire akarudi kazini, na hakuna aliyethubutu kusimama nyuma yake tena.

Wiki ya tatu Damaris akamshika mkono. "Baba Nelly, ni aibu. Mwanafunzi wako amelala hospitalini hujamwona." Akamtilia machungwa kwenye mfuko, wakaenda pamoja. Wodini Damaris akaenda kutafuta kiti, wakabaki wawili.

Baya alikuwa amekonda. Shuka ilikuwa imelala bapa pale palipokuwa na mguu. "Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba."

Baya akamgeuzia uso. Kisha akaanza kusema taratibu, midomo ikijipanga vizuri kwa kila neno, kama mtu anayetaka kusomwa.

"Uligonga mara mbili. Nilikusikia kwenye usukani, mikononi mwangu. Nikadhani nimekosea, maana ulisema hakuna kitu." Midomo ikatetemeka, ikajipanga tena. "Uligonga mara mbili, baba."

Tangu masikio yake yafe, Mwambire hakuwahi kusoma midomo iliyo wazi namna ile. Akaweka machungwa mezani. Akainama karibu na kitanda, akakinga kiganja nyuma ya sikio.

"Sema kwa nguvu," akasema. "Sikusikii."