Viti vya Humphrey

Kanisani watu walidhani Humphrey anawasaidia. Hawakujua kwamba wao ndio waliokuwa wakimsaidia, na mama yake, Jedidah, hakuwahi kuwaambia. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

Humphrey ana miaka ishirini na tisa. Ana usonji, na siku nzima yaweza kupita hajatamka neno. Kwa miaka sita kanisa lao lilikodi ukumbi wa shule moja huko Plano, Marekani: Jumatano maombi, Jumamosi mchango wa matanga ya huyu au yule, Jumapili ibada. Kila mara, viti mia mbili vya kukunja, mali ya kanisa, vilitoka stoo na kurudi stoo, na vyote vilipita mikononi mwa Humphrey. Viwili kulia, viwili kushoto, glavu za bustani mikononi, mistari imenyooka. Mwanzoni vijana wenzake walijaribu kumpokea viti. Aliwanyang'anya, nao wakashukuru Mungu wakaenda kunywa chai.

Jedidah ni nesi, na alichokiona hakukisoma katika kitabu chochote. Kilo za mwanawe zilipungua. Usingizi ulirudi. Ule mtindo wa kujigonga kichwa ukutani ukakoma kabisa. Alikuwa amempeleka jimu, muziki ukamfukuza. Alimpeleka kwenye bwawa la kuogelea, kelele zikamtoa mbio. Humphrey alipoanza kutembea mtaani, jirani akaja kuuliza huyo mtu anatafuta nini. Viti pekee ndivyo vilivyomkubali.

Kisha kanisa likaamua kujenga. Harambee ikaitishwa, na nani aliyeshika kipaza sauti? Jedidah huyo huyo.

"Tumechoka kumwabudu Mungu kwa viti vya kukunja kama watu wa matanga!" alisema, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Alikuwa anajipalia makaa, na anacheka.

Kila familia ikanunua benchi lenye kibao cha jina. La Jedidah liliwekwa mbele kabisa, na kwenye kibao akaandikisha jina la mwanawe.

Siku ya kufungua kanisa, Humphrey alikuja na glavu zake. Akazunguka akitafuta stoo, asiione. Akaenda safu ya kwanza, akainama, akalishika benchi lenye jina lake, akavuta. Yale mabenchi yamefungwa sakafuni kwa bolti. Akavuta hadi mishipa ya shingo ikasimama. Aliposhindwa, akaanza kuligonga kwa paji la uso. Kwaya ikanyamaza.

Wahudumu walimtoa nje, na Mzee Ngugi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akamfuata Jedidah hadi kwenye gari.

"Mama Humphrey, pole sana. But huyu kijana ametumika vya kutosha. Si sasa akae tu, apumzike?"

"Mzee, vile viti viko wapi?"

"Tulivi-donate wiki jana. Kwani umesahau? Si ni wewe uli-sign?"

Yeye ndiye aliyetia sahihi. Tena kwa furaha, na kalamu aliitoa mkobani mwake mwenyewe.

Tangu hapo kilo zimerudi, na daktari ameongeza dawa. Jumamosi iliyopita Jedidah alinunua viti kumi na viwili vya kukunja akavirundika gereji. Humphrey alipoviona alikimbilia glavu. Akavipanga, mistari imenyooka, na mama mtu moyo ukamruka. Kisha Humphrey akasimama pembeni, kama alivyosimama miaka sita, akiwangoja watu waje, wakae, wainuke, ndipo akunje. Akangoja. Watu wangetoka wapi?

Jedidah akakaa kiti cha kwanza, akainuka. Akakaa cha pili, akainuka. Alijiona mjinga, lakini akaendelea. Alipofika cha saba, Humphrey alivua glavu, akaziweka sakafuni, akaingia ndani.

Jedidah hakuinuka tena. Alikaa pale pale kiti cha saba, akisikiliza ukuta ukigongwa.