Sauti ya Mama Ezra Bado Inauza Asali Yetu

Admin, jina langu lifiche, maana wenzangu wa biashara wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, naishi Kibondo. Nakusanya asali kwa wafugaji nyuki wa Kumsenga na kuituma kwa basi hadi Kasulu. Huko Mama Ezra alikuwa anaichuja na kuifungasha. Kijana mmoja yuko Mwanza, anapokea oda mtandaoni. Dada mmoja yuko Dar, anasambaza. Hatuna duka wala ofisi, tuna grupu la WhatsApp tu. Hatujawahi kuonana ana kwa ana.

Kilichotubeba ni sauti ya Mama Ezra. Kila mzigo ukitoka alirekodi, akianza kwa salamu ya Kiha: "Mwakeye wapendwa. Hii nimeichuja kwa mikono yangu, haina sukari, kuleni na watoto." Tuliituma kwa wateja. Picha za asali kila mtu anazo. Sauti ile tulikuwa nayo sisi tu. Yule dada wa Dar husema, "Huyo mama ndiye duka letu."

Julai iliyopita nilisikiliza sauti ya mzigo mpya. Nyuma yake mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Nje kwangu ni kiangazi kikavu. Nikampigia dereva wa basi aliyekuwa Kasulu.

"Mvua gani, kaka? Huku tunakohoa vumbi."

Kesho yake nikaenda Kasulu, dereva akanielekeza nyumbani kwa Mama Ezra. Aliyenifungulia mlango ni mdogo wake Mama Ezra. Nilipojitambulisha hakushangaa. Alinipeleka nyuma ya migomba, akanionyesha kaburi. Dada yake alikufa kwa homa wakati wa masika.

"Mbona hamkutuambia?"

"Si mlijisifu hamhitaji ofisi? Haya, msiba ningeuleta wapi?" Akacheka kidogo.

Ana simu mbili. Moja ni ya marehemu: anafungulia rekodi za zamani kwenye simu yake mwenyewe, anazirekodi upya kwa ile ya marehemu ili zionekane mpya, kisha anatutumia.

"Mimi hamnijui," alisema. "Ningejitaja, yule wenu wa Dar angetafuta mtu mwingine. Watoto wa dada wangekula nini? Asali naichuja vilevile alivyonifundisha. Kuna mteja amelalamika?"

Hakuna. Nilimwomba arekodi kwa sauti yake mwenyewe, akakataa. Akaniomba nisiseme. Nikarudi Kibondo bila kuahidi chochote, na mpaka leo sijasema.

Sasa kila mzigo ukitoka, simu inalia na mama yule anatusalimia. Wenzangu wanaitikia. Nisipoitikia, kijana wa Mwanza ananiuliza, "Mzee, umemnunia mama?" Basi naitikia. 

Nikisema, nahofia watoto wale watakosa riziki, na wateja watatuona matapeli. Nikinyamaza, tunawauzia watu ahadi ya mtu aliye kaburini. Leo asubuhi kijana wa Mwanza ameleta kwenye grupu jibu la mteja wa Dodoma: "Mama, Mungu akuzidishie umri." Wenzangu wote wameandika Amina. Wananisubiri mimi.

Ndugu zangu, nishaurini. Niandike nini?