Waliokuja Kunipa Pole

Diploma yangu ya uuguzi niliisomea Mwanza kwa vitumbua nilivyokaanga mwenyewe kila alfajiri. Niliporudi Kibondo nilijenga nyumba ya bati la rangi kabla hata sijaolewa, na mume wangu, mwalimu wa sekondari, ndiye aliyehamia kwangu. Hilo nalisema popote, hata kanisani. Lakini mgongo hausomi diploma. Ukitoka zamu wodi ya wazazi, muhogo bado unakungoja bondeni.

Wiki moja mganga mfawidhi wa hospitali yetu alitaka niwe msimamizi wa wodi, nimpe jibu Ijumaa. Nilimwambia mume wangu nitakubali iwapo kazi za nyumbani tutagawana sawasawa, si kwa maneno. Muhogo uwe wake: kuumenya, kuuloweka kijitoni, kuuopoa ukishalainika.

"Hilo tu?" akasema.

Huku kwetu mwanamume hupeleka muhogo mkavu mashineni kwa baiskeli, na hakuna anayegeuka kumtazama. Kuuopoa majini ni kazi ya wanawake.

Alhamisi nilirudi miguu imevimba, nikakuta majirani wamejaa sebuleni. Mmoja ana chupa ya uji, mwingine kichane cha ndizi, na mama mkwe yuko katikati yao, kanyong'onyea. Wote wakaitazama sare yangu.

"Yee! Mgonjwa ndiye huyu anayetoka kazini?" akasema mwenye uji.

"Mgonjwa gani?"

"Si wewe, mama! Tumemkuta mwalimu kijitoni, suruali kaikunja magotini, anaopoa muhogo. Tukamwuliza, mkeo anaumwa? Akasema, kidogo."

"Tukamnyang'anya beseni," akadakia mwenye ndizi. "Mwanamume wa watu! Anashika muhogo kama anashika nyoka."

Walicheka. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka wala ya kukasirika. Niliketi mkekani, nikavua viatu. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo," nikamwambia mbele yao, "kila ukienda kijitoni mimi niugue? Basi kesho nimwambie mganga ampe mwingine hiyo wodi, nipate nafasi ya kuugua vizuri."

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akakohoa. "Mwanangu, mkeo anaumwa au haumwi?"

Aliinama akaikunjua suruali yake. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia mganga.

"Haumwi, mama. Alikuwa kazini. Muhogo ni zamu yangu."

"Zamu!" Mwenye uji akapiga makofi. "Sasa uji huu anywe nani?"

"Mpeni mwalimu," akasema mama mkwe. "Ndiye aliyetoka kwenye maji ya baridi."

Ijumaa nilikubali. Wodi ile leo inang'aa, aulizwe yeyote. Kuchoka bado nachoka, naye anachoka. Jioni tunakaa uani, kila mmoja na beseni lake la maji ya moto, miguu ndani. Kijitoni bado wapo wanaomwuliza kama nimepona. Anawajibu kwamba niko kazini, kisha anainama tena.