Pindo Lisiloachia

Wenzake walimwita Mama Fundo, kwa kuwa kabla ya kufuma masweta alikuwa akisuka nyavu, na nyavu zake hazikuwahi kurudi zimefumuka. Mikono yake ilijua fundo kabla macho yake hayajajua kusoma. Alipoingia katika chumba cha wafumaji, chumba kirefu chenye harufu ya chumvi kwenye kila kitambaa, aliushika uzi wa mwani akaucheka. Mwani ulikaushwa, ukasagwa, ukachanganywa na nyuzi za miti kiwandani, ukarudi kwao laini kama nywele za mtoto mchanga. Laini mno. Uliteleza kwenye sindano, na mapindo ya mikono yakawa yanafumuka kabla sweta halijazoea mwili wa mtu.

Ni yeye aliyepata dawa. Kila kitanzi cha pindo alikifunga kwa fundo la wavu, lile ambalo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyokaza. Mapindo yakatulia. Msimamizi akamsifu mbele ya wote, na sweta la kwanza Mama Fundo akampelekea kitinda mimba wake, aliyefanya kazi kwenye boti ya uvuvi, upande wa winchi ya kuvutia nyavu, ambako baridi humfika mtu kwenye mifupa.

Asubuhi moja mfumaji mwenzake, waliyemwita Kiroboto kwa sababu hatulii, alijaribu sweta jipya, akapita mlangoni, na pindo likanasa kwenye msumari. Akavuta. Akavuta tena, akicheka.

"Mama Fundo, umenitega. Nipime kilo basi, uniuze."

Chumba kikacheka. Kiroboto akajitupa kwa nguvu, na kilichong'oka kilikuwa msumari, pamoja na kipande cha ubao. Uzi ulikuwa mzima. Wenzake wakapiga makofi. Mama Fundo alitazama alama nyekundu iliyouzunguka mkono wa Kiroboto. Wavu hufungwa ili kilichoingia kisitoke. Naye alikuwa ameufunga kwenye mkono wa mwanawe, akamsimamisha kando ya chuma kinachozunguka.

Hakuaga. Simu ya kijana haikupatikana. Akashuka mbio hadi ofisi ya bandari, ambako karani wa redio alimwambia kwa upole kwamba chombo kile ni cha dharura, si cha salamu za nyumbani. Akajaribu kueleza habari za vitanzi na winchi, lakini maneno yakagongana kinywani. Mwishowe alimkamata karani mkono wa shati, akauzungusha kwenye kidole chake, akakaza. Karani akaelewa. Akaita boti, akambonyezea kitufe.

"Mama? Kuna msiba?"

"Vua hilo sweta."

Nyuma ya sauti ya mwanawe mabaharia walicheka. Mmoja aliuliza kama pia anawe miguu. Kijana akalalamika kwamba ni baridi, kwamba anaaibishwa mbele za watu. Kisha akasema, "Haya, nimevua."

Alisema upesi mno. Ndivyo alivyokuwa akisema amenawa, utotoni, na matope bado kwenye viwiko.

"Bado umelivaa, baba."

Akaisikia winchi ikianza kunguruma, ikipanda, ikipanda, na sauti yake mwenyewe ikamtoka nyembamba asiitambue. Alimwita nahodha. Alimsihi, hakumbuki kwa maneno gani.

Ngurumo ikakatika.

"Mama, nimezima mashine," nahodha akasema. "Sweta liko hapa, nimelikalia. Mwenyewe kanuna."

Alirudi kazini. Aliyachukua masweta yote yaliyokuwa tayari, akaanza kukata mapindo, na msimamizi alipouliza kama amerukwa na akili, Kiroboto ndiye aliyemwonyesha alama ya mkono wake, kisha akaketi na mkasi wa pili. Mafundo yalikuwa magumu. Kila pindo ikabidi Mama Fundo alirudie.

Boti iliporudi, kijana alimkuta mama yake amesimama kwenye maji hadi magotini. Alimwamkia. Kwanza alishikwa viganja vyote viwili, vikageuzwa juu na chini, na kidole kimoja kimoja kikapapaswa.