Bukuru Wote, Blanketi Moja

Jamani, hii nawasimulia nyie tu, maana mpaka leo nikipita lile ghala la Bangwe, kule kando ya ziwa, naangalia pembeni. Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Burundi wanaletwa na meli kutoka Kagunga mpakani, na mimi nimetoka Shinyanga na kompyuta yangu na majivuno yangu (Java, ile lugha ya kuandikia programu, nilikuwa naijua, msinicheke), nikapewa kazi ya kuandaa majina ya watoto wa kupewa mablanketi kabla hawajapanda mabasi ya kambini, ambako usiku baridi haina huruma.

Sasa, watoto wengine walikuwa wameandikishwa mara mbili. Kwenye Java kila mtoto ni kitu kimoja kilichobeba jina, umri na namba ya usajili, unawapitia mmoja mmoja unachomoa unachokitaka, basi mimi nikachomoa majina nikayatia kwenye Set, yaani kapu lisilopokea kitu kilekile mara ya pili. Mwenzangu Zawadi, binti wa Ujiji ambaye wazee wake walitoka Kongo, akachungulia.

"Kaka, chomoa namba. Majina ya huku yanafanana."

"Dada, niachie mwenyewe."

Ghala likafunga blanketi moja kwa kila jina.

Siku ya kugawa nikashika maiki mwenyewe (nani alinituma?). "Bukuru!" Wakasimama Bukuru kila kona, maana kumbe kwa Warundi na Waha pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, na mimi mkononi nina blanketi moja. Nikampa wa mbele. Nikaita Butoyi, yaleyale! Akina mama wananung'unika, madereva wanapiga honi, manyunyu nayo yameanza. Mkuu wa kituo akanisogelea, maiki iko wazi.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Doto, mzee."

"Usukumani kwenu Doto uko peke yako?"

Wafanyakazi wote wakaangua kicheko. Kwetu Doto ni pacha wa pili; pacha mzima mimi, nimesahau mapacha!

Zawadi hakucheka. Alibadilisha mstari mmoja tu wa programu yangu, akachomoa namba, akapigia ghala, akawabembeleza madereva wasubiri, kisha mablanketi yalipofika akaita kila mtoto kwa jina la mama yake, "Bukuru wa Mama Spesiyoza!", utadhani kawalea yeye. Nilimpenda yule dada siku ile, nasema kweli.

Lakini kilichonimaliza ni yule Bukuru wa kwanza. Muda wote alikaa anatetemeka, blanketi kalikunja mapajani. Nikamuuliza mbona hajifuniki.

"Ndarindira abandi."

Zawadi akanitafsiria: anawasubiri wenzake. Alijifunika pale mtoto wa mwisho alipopata lake, na mimi nikageukia ukutani kujifuta macho.

Tangu hapo sichomoi jina peke yake, naapa. Nikiwa na wasiwasi nampigia Zawadi.

"Zawadi, ni mimi Doto."

Naye kila mara, bila haya: "Doto yupi?"