Fundi wa uzio na sauti ya asubuhi ya Rietkolk

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Siena Beukes anatembea kando ya uzio wa umeme, redio ndogo ameibana sikioni. Redio yenyewe haiimbi wala haisomi habari. Ameiweka kati ya stesheni mbili, pasipo na mtu anayezungumza, na kinachotoka ni mkwaruzo mtupu.

Anapiga hatua kumi, anasimama. Anapiga kumi nyingine. Redio inalia tik, na Siena anachuchumaa palepale.

"Umeme ukiruka pasipotakiwa, redio inausikia kabla ya jicho langu," anasema, huku kijiti mkononi mwake kikiondoa jani bichi lililouegemea waya. Redio inanyamaza. "Umeona? Jani moja tu. Bweha angepita hapa kama anaingia kwake."

Siena ana umri wa miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na tisa ametengeneza uzio wa mashamba ya kondoo kuzunguka Rietkolk, mji wa Karoo, nyanda kame za Afrika Kusini, wenye kanisa, duka la ushirika na vumbi la kumtosha kila mtu. Mwezi mzuri humwachia randi elfu sita. Mwezi mbaya analipwa kondoo, na kondoo, anasema, hapokelewi ofisi ya karo.

Wakulima wanamjua kwa uzio. Watu wengine wote wanamjua kama katibu wa Wabishi.

Wabishi ni watu tisa, nao hukutana kila Jumamosi saa tisa alasiri katika banda la kunyolea kondoo. Hukalia marobota ya sufu, hunywa chai nyekundu, na kazi yao ni kudai ushahidi. Waliwahi kumbana mwuza maji ya kuvuta mvua hadi akahama wilaya. Mwenyekiti wao, Magrieta Visagie, ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Nusu ya mji bado inamwita Mwalimu, nusu nyingine inavuka barabara ikimwona.

Kazi hawakosi. Tangu darubini za redio za kusikiliza nyota zijengwe nyuma ya vilima, na simu za mkononi zipigwe marufuku kwenye mashamba ya karibu zisije zikazisumbua, kila nyumba ina mtu aliyeona au kusikia kiumbe wa angani.

Wengi hudhani Wabishi hawaamini kwamba kuna uhai nje ya dunia. Siena hucheka akisikia hivyo.

"Mimi natamani wawepo kuliko hata hao wanaowaona kila wiki," anasema. "Ndiyo maana sitaki kubambikiwa wa uongo."

Kikundi kina sheria moja. Mleta habari, kabla hajasikilizwa, lazima ajibu: nini kitakufanya ukubali kwamba umekosea? Asiye na jibu hupewa chai na kurudishwa nyumbani.

Mwezi Mei aliingia bandani Gert Swarts, mchunga kondoo wa miaka sabini na moja, ambaye kila aliye mdogo kwake humwita Oom Gert, yaani Mjomba Gert. Alikuja na redio yake na daftari. Kila asubuhi, alisema, akiwa kwenye kilima cha shamba la Springhaas, redio ile ilipiga tik tatu, ikanyamaza, ikapiga tano, ikanyamaza, ikapiga saba. Jua likipanda, sauti inaondoka. Alikuwa ameandika hivyo kwa miezi mitatu, mstari kwa mstari, kwa penseli.

"Na nini kitakufanya ukubali umekosea, Oom?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuna," alijibu mzee, na banda zima likaangua kicheko. "Chekeni tu. Nyie hata Mungu akishuka mtamdai kitambulisho."

"Na picha ndogo mbili," Mwalimu akadakia.

Oom Gert akacheka naye, kisha akavua kofia. "Haya. Mtu mwingine akisikiliza pamoja nami, akasikia tofauti na mimi, nitanyamaza."

Lilikuwa jibu zuri kuliko mengi waliyowahi kupewa, na Wabishi wakaahidi kupanda kilima Jumatatu. Mji haukusubiri. Kufikia Jumapili mchana mwenye nyumba ya wageni alikuwa amechora ukutani kiumbe mwenye macho matatu, anayetabasamu.

Wiki hiyohiyo Siena alikuwa na jambo lake lililomkosesha raha. Kituo cha darubini kilitangaza nafasi moja ya kazi kwa mkazi wa wilaya: kuzunguka mashambani kutafuta kelele zinazozisumbua darubini, iwe mashine ya kuchomelea, jokofu bovu au uzio unaovuja umeme. Mshahara ni randi elfu kumi na nne kwa mwezi. Aliitwa kwenye usaili Alhamisi.

"Kumbe kazi niliyoifanya maisha yangu yote ina jina na ina pensheni," anasema. "Niliitaka mpaka nikawa nasahau kula."

Jumatatu asubuhi walipanda watatu: Oom Gert, Mwalimu na Siena. Mwalimu aliwakalisha migongo ikielekeana, kila mmoja na karatasi yake, marufuku kusema wala kuchungulia. Redio iliwekwa katikati. Tik zikaanza.

Walipolinganisha, Oom Gert alikuwa ameandika tatu, tano, saba. Mwalimu aliandika nne, nne, tisa. Karatasi ya Siena ilikuwa tupu.

"Wewe vipi, umelala?" Mwalimu akamuuliza.

Hakulala. Aliitambua sauti ile tangu tik ya pili. "Naijua kama mlio wa mlango wangu," anasema. "Nikawaambia nakwenda chini mara moja kuangalia kitu."

Aliteremka bondeni hatua kama mia nne, redio yake sikioni, akakikuta alichokuwa anakiogopa. Waya wa shaba ulikuwa umesokotwa na waya wa chuma. Fundi yeyote wa uzio anajua kwamba metali hizo mbili haziunganishwi: zikipata unyevu moja huila nyingine, panatokea mwanya, na umeme unaanza kuruka. Umande wa asubuhi ndio uliouchokoza. Jua likikausha, kimya.

Kiungo kilikuwa na mizunguko mitano, imesokotwa kuelekea kushoto. Katika wilaya nzima fundi wa uzio anayetumia mkono wa kushoto ni mmoja tu.

"Nilikumbuka hadi siku yenyewe," Siena anasema. "Mwaka wa ukame, waya wa chuma umeniishia, nyumbani ni kilomita arobaini. Nikasema nitatia shaba kwa leo, nitarudi kesho. Kesho yenyewe ikawa miaka miwili."

Plaizi ilikuwa mfukoni, na swichi ya kuzimia umeme ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Kazi ya dakika tano. Sauti ingekufa, Oom Gert angesema wageni wameondoka, mji ungesahau, na Alhamisi Siena angeingia kwenye usaili akiwa fundi asiye na doa.

"Sitakudanganya, nilizima umeme na plaizi nikaitoa," anasema. "Halafu nikajiuliza swali letu la bandani. Siena, nini kitakufanya ukubali umekosea? Na jibu liko mbele ya pua yangu."

Aliwasha tena umeme, akawaita kwa sauti mpaka wakateremka.

Oom Gert alikiinamia kiungo. "Fundi gani huyu mbovu?"

"Ni mimi, Oom."

Siena akazima umeme mbele yao, akakikata kiungo, akaunganisha upya kwa chuma kitupu na kuwasha. Redio ikatoa mkwaruzo wake tu, na Oom Gert akabaki ameishika kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo hawakuwa wao," alisema. "Mwanangu, miezi mitatu hii nilikuwa nawajibu. Nagonga debe kwa fimbo. Tatu, tano, saba."

Siena akamshika mkono. Inamuuma hadi leo, na anasema hivyo bila kuona haya.

Jioni ile mji ulikuwa umeshapata habari. Dukani walimpigia saluti na kumpa salamu kutoka angani. Kijana mmoja alimwomba ampigie simu mjomba wake aliyeko Zuhura. Siena alivumilia, akanunua waya wa chuma kwa fedha yake, na kwa siku mbili akazunguka mashamba yote aliyoyahudumia mwaka ule wa ukame. Alipata viungo vingine kumi na kimoja vya shaba. Alivikata vyote.

Alhamisi waliomsaili walikuwa watatu. Swali la kwanza lilikuwa aeleze kelele ya mwisho aliyoitafuta akaipata. Siena akafungua mkoba, akaweka mezani kile kipande cha waya.

"Hii hapa," alisema. "Na niliyeisababisha ni mimi."

Mhandisi mwanamke aliyekaa katikati alikigeuzageuza kile kipande. Kisha akafungua kompyuta na kumwonyesha orodha. Kelele za asubuhi, upande wa Springhaas, miaka miwili, chanzo hakijulikani.

"Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze," Siena anasema. "Mimi, katibu wa Wabishi, miaka miwili nawapigia kelele watu wanaosikiliza nyota."

Mhandisi akamuuliza kama viko vingine. Vilikuwepo kumi na kimoja, akajibu, na viko kwenye gari. Akatumwa akavilete.

Siena alianza kazi tarehe mosi Julai, kwa majaribio ya miezi sita. Mchoro wa kiumbe wa macho matatu umepakwa chokaa, ingawa jicho moja bado linachungulia. Wabishi sasa ni watu kumi. Oom Gert aliomba mwenyewe kuingia, akaja na daftari lake lote la penseli na kulikabidhi, na Mwalimu anasema hakuna mwanachama anayebisha kama yeye.

Mashamba aliyopewa Siena ni arobaini na mawili. Hadi sasa ameyanyamazisha tisa. Anapiga hesabu kwamba, akipewa mkataba kamili, miaka minne itamtosha.

"Yakinyamaza yote, nitampandisha Oom Gert pale kilimani na redio yake," anasema, akiifunga plaizi na kuirudisha mfukoni. "Huenda asisikie chochote, na hiyo nayo ni habari. Lakini akisikia kitu, akaniuliza kama ni mimi, nataka nimtazame usoni nimwambie: hapana Oom, si mimi, safari hii gonga debe lako uwajibu."